Masika Yetu ya Pili: Tulivyojifunza Kuingoja Mvua

Jumatatu ya wiki iliyopita, mara tu baada ya sala ya alfajiri, mvua ilinyesha hapa Tiwi. Ilianza kwa kishindo juu ya makuti, ikadumu kadiri ya nusu saa, kisha jua likachomoza kana kwamba hapakutokea kitu. Majirani wawili walipita na majembe begani wakatuuliza kulikoni, mbona tumeketi barazani na ardhi imelowa? Tukawajibu kwamba bado. Mwaka jana, siku kama hiyo, sisi ndio tuliokuwa wa mbele kukimbilia shambani, na gharama ya mbio zile tuliilipa kwa muda wa miezi kumi.

Tunayaandika haya kwa ajili ya mama na dada zetu ambao msimu huu, kwa mara ya kwanza, wanashika jembe kwa nia ya kulima mboga. Hatuandiki kama mabingwa. Tumelima masika moja na vuli moja tu, na masika hii ndiyo ya pili. Lakini yapo mambo ambayo aliyeanguka jana huyakumbuka vizuri zaidi kuliko aliyesahau siku aliyoanguka.

Fungu letu

Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha shamba la ekari tatu na nusu na watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Baba alikuwa ametangulia, na wazazi wa mama pia. Kwa hesabu ya mirathi, mwana wa kiume hupata mara mbili ya fungu la binti. Hivyo shamba likagawanywa mafungu saba. Kila kaka akapata ekari moja, na kila mmoja wetu akapata nusu ekari. Kaka zetu hawakungoja tupelekane kwa Kadhi. Walisimama wenyewe na kamba ya kupimia, mbele ya mashahidi, wakatuonyesha mipaka yetu. Twalitaja jambo hili kwa shukrani, kwa kuwa twazijua nyumba ambazo binti huambiwa kila mwaka kwamba haki yake ipo, lakini haonyeshwi ilipo.

Mtihani ulikuja baadaye. Nusu ekari zetu tatu zimepakana, na akatokea mnunuzi aliyezitaka zote kwa pamoja, kwa bei ya kuridhisha. Kila mmoja wetu alikuwa na haja. Mkubwa wetu ni mjane mwenye watoto wanne wanaosoma. Wa pili anafundisha madrasa, na riziki yake ni ile ambayo wazazi wa wanafunzi wamejaaliwa mwezi huo. Mdogo wetu ameolewa Mombasa, anakaa nyumba ya kupanga, na kodi haimsubiri mtu. Kuuza kungetupunguzia mzigo sote kwa siku moja. Lakini ardhi huuzwa mara moja tu, na baada ya hapo hubaki masimulizi ya kwamba hapa palikuwa petu.

Tukaafikiana kujaribu. Tungelima robo ekari iliyo karibu na kisima, tupande mboga, tuone kama shamba laweza kutulisha. Fikira ile haikutoka hewani. Kila siku tulikuwa tukinunua mboga sokoni Ukunda, na nyingi katika kabeji, sukuma wiki na tungule zinazouzwa Pwani husafiri usiku kucha kwa malori kutoka Taita, Loitokitok na kwingineko. Mchicha, kunde, matembele, bamia na mabiringani ni mimea inayolipenda joto letu. Tulijiuliza kwa nini tununue kwa fedha kile ambacho ua wetu wenyewe waweza kukiotesha.

Masika ya kwanza

Tuliazima shilingi 18,000 kutoka chama chetu cha akina mama, mkopo usio na riba lakini wenye mashahidi na tarehe. Tukanunua mbegu, majembe mawili, na miche 400 ya tungule. Jirani mmoja mfugaji akatugawia samadi kutoka zizini, nasi tukaitia shambani siku ile ile, ingali mbichi.

Mvua ya kwanza iliponyesha baada ya nusu ya Machi, tulipanda kila kitu kwa siku mbili: mchicha, kunde, bamia, mabiringani na tungule zote. Tulirudi nyumbani tumechoka, nasi tukiamini kwamba kazi imekwisha. Kisha mvua ikakata. Siku 16 hatukuona hata wingu la maana, na jua la Machi, kama mjuavyo, halina huruma. Mchicha uliochipuka ulinyauka ukiwa na majani mawili. Kunde ziliota, zikainama, zikakauka. Tulichota maji kisimani kwa ndoo asubuhi na jioni mpaka mikono ikatoka malengelenge, lakini robo ekari nzima haiwezi kunyweshwa kwa ndoo na wanawake watatu ambao mmoja wao huja Jumamosi tu. Samadi mbichi nayo ilimalizia; miche iliyokuwa ikipambana na kiu iliungua mizizi.

Masika yenyewe yalipoingia, tungule chache zilizobaki zilikutana na mvua za Mei, mwezi unaoongoza kwa mvua hapa kwetu. Majani yakikaa na maji mchana na usiku hupatwa na ugonjwa wa ukungu unaoyachoma yakawa meusi. Katika miche 400, hatukuvuna hata kikapu kimoja. Kilichotuokoa ni kile tusichokitilia maanani: mistari mitatu ya matembele tuliyoichomeka pembeni ili tusiache nafasi tupu, pamoja na bamia chache zilizojikaza. Hizo zilituletea shilingi 5,000.

Mwezi wa Julai mnunuzi alirudi. Mdogo wetu akasema waziwazi kwamba tuuze. Hakuwa na kosa. Alikuwa akivuka feri kila Jumamosi kuja kulima, akirudi na fungu la matembele, na kodi iko pale pale. Maneno yakazidi, na kwa wiki mbili simu zikawa hazipigwi. Hatimaye mkubwa wetu akatoa shauri: tulime vuli kwa kiasi kidogo tu, na kama kufikia mwisho wa Januari deni la chama halijalipwa, tuuze bila ya neno jingine. Sote tukakubali.

Mafundisho ya bibi

Hapo ndipo tulipofanya jambo tulilopaswa kulifanya mwanzo, nalo ni kwenda kuuliza. Nyuma ya shamba letu anaishi bibi mmoja ambaye amelima ardhi hii tangu sisi hatujazaliwa. Mwaka mzima alikuwa akitutazama kutoka kwenye ua wake. Tulipomuuliza kwa nini hakutuonya, alicheka akasema, "Wajukuu zangu, mlikuwa na haraka sana. Mwenye haraka haulizi, na asiyeuliza huambiwa nini?"

La kwanza alilotufundisha ni kuipima mvua. Mvua ya kwanza hulowesha uso wa ardhi tu. Baada ya kunyesha, chimba kishimo cha kina cha shubiri moja. Ukikuta mchanga mkavu chini, kifukie urudi nyumbani. Ukikuta unyevu mpaka chini, na mvua imerudi mara mbili au tatu ndani ya wiki moja, hapo ardhi imekuwa tayari kupokea mbegu. Hutazama pia upepo. Maadamu kaskazi ingali inavuma, yeye hapandi. Hungoja itulie na kusi ianze kuingia, kwani masika huja na mabadiliko hayo. Siku hizi twasikiliza vilevile utabiri wa msimu wa Machi hadi Mei unaotolewa na idara ya serikali, na hatuoni kwamba elimu hizi mbili zinagombana.

La pili ni kwamba udongo wa pwani ni wa mchanga. Hupitisha maji upesi, na chakula cha mimea huenda nayo. Basi kabla ya kuulisha mmea, ulishe udongo. Tulirundika majani makavu, maganda ya jikoni, majivu kidogo na samadi, tukayamwagia maji na kuyageuza kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hivi yalikuwa mboji nyeusi isiyo na harufu mbaya. Samadi nayo sasa twaiacha ioze mpaka ipoe kabisa. Ukitia mkono katikati ya rundo na kuhisi joto, haijawa tayari.

La tatu lilitutia haya. Siku moja alituona tukipalilia, akaokota tulichokitupa akatuuliza kama twakijua. Kilikuwa ni mchunga. Tulikuwa tumeung'oa kama gugu, kisha Ijumaa yake tukaenda kuununua sokoni. Siku hizi mchunga ukiota wenyewe pembeni mwa matuta, twauacha ukue na kuuchuma.

Vuli ile tulilima matuta manane tu, kila moja lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Tulipanda mchicha, kunde na bamia, tukauza kwa mafungu kwa majirani na kwa mama mmoja mwenye kibanda barabarani. Hatukutajirika. Lakini mwisho wa Januari tuliipeleka shilingi ya mwisho ya deni, na mweka hazina wa chama akatupigia mstari kwenye daftari. Mdogo wetu alikuwepo. Hakusema kitu, ila Jumamosi iliyofuata alikuja na buti za mpira alizojinunulia mwenyewe.

Matayarisho ya mwaka huu

Masika hii tulianza kazi mwezi wa Februari, jua likiwa kali na mvua haijatajwa.

Kwanza tulitengeneza kitalu cha mabiringani, pilipili na mnavu. Mimea hii mitatu hukaa kitaluni kwa wiki nne hadi sita kabla ya kuhamishwa, kwa hivyo anayengoja mvua ndipo apande kitalu huwa amekwisha kuchelewa. Tulichanganya udongo, mboji na mchanga, tukamwaga mbegu kwa mistari, tukajenga kichanja kifupi cha makuti juu yake. Twamwagilia asubuhi na jioni kwa kopo tulilolitoboa matundu madogo, maana ndoo huzoa mbegu. Katika wiki ya mwisho twaondoa makuti kidogo kidogo na kupunguza maji, ili mche uzoee jua kabla ya kutoka.

Pili, tulitengeneza matuta 16, mara mbili ya yale ya vuli. Hatukuvuka hapo, ingawa ardhi ipo. Kila tuta lilipewa ndoo 10 za mboji. Tumeyainua kiasi cha shubiri moja ili mvua za Mei zisituame kwenye mizizi. Upana wa mita 1 una sababu: mtu hufikia katikati kwa mkono kutoka kila upande bila ya kukanyaga udongo uliolainishwa. Katika njia kati ya matuta tumepanga makumbi ya nazi yaliyolowekwa, ambayo huzuia magugu na kuhifadhi unyevu. Nyasi kavu tumeziweka akiba za kufunikia udongo miche ikishasimama.

Tatu, tuliandika kwenye daftari kila tuta lilibeba nini. Tuta lililokuwa na bamia halipewi tena bamia wala biringani msimu unaofuata, kwa kuwa katika udongo wa mchanga kuna minyoo wadogo wanaoivimbisha mizizi yao kwa mafundo. Mabiringani, pilipili na tungule nazo ni za ukoo mmoja na huambukizana maradhi, hazirithishani tuta.

Mpango wa kupanda

Mwaka jana tulipanda vyote kwa siku mbili. Mwaka huu tumevigawa.

Matembele na kunde ndizo za kwanza, kwani huvumilia mvua ikichelewa kidogo. Vipande vya matembele twavikata vya urefu wa futi moja, tukavilaza kivulini siku moja au mbili, kisha tukavichomeka vikiwa vimelala nusu ardhini.

Mchicha hufuata, lakini kwa matuta mawili tu kila baada ya wiki mbili. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo twazichanganya na mchanga mkavu ndipo tuzimwage, zisirundikane mahali pamoja. Mchicha huvunwa kati ya wiki ya tatu na ya nne. Ukiupanda wote kwa siku moja, utakuwa na mboga nyingi kupita kiasi wiki moja, kisha mwezi mzima wa mikono mitupu.

Mbegu za bamia twaziloweka usiku kucha, tukazipanda kwa nafasi ya sentimita 30 kati ya shina na shina, na 60 kati ya mstari na mstari. Baada ya miezi miwili hivi zitaanza kuzaa, na zikianza, huchumwa kila siku ya pili au ya tatu. Ukizisahau hukomaa zikawa kama kuni. Miche ya mabiringani na pilipili twaihamisha jioni, jua likishapoa, ili ipate usiku mzima wa kutulia.

Na tungule? Tungule zitangoja. Kitalu chake tutakiweka mwezi wa Julai, tuihamishe miche Agosti mvua zikiwa zimepungua. Ni vigumu kuuona msimu ukianza bila ya kupanda mmea unaopendwa kuliko yote jikoni, lakini tumekwisha kuuzika mara moja.

Kwa wadudu twatumia mwarobaini, ambao hakuna kijiji cha pwani kilichoukosa. Majani yake yakitwangwa, yakalowekwa usiku na kuchujwa, maji yake hunyunyizwa kwenye kunde zilizoingiwa na vidukari. Hunyunyizwa jioni, na mboga huoshwa vizuri kabla ya kupikwa.

Walaji wengine

Vuli iliyopita kuku wa jirani waliingia shambani wakafukua tuta zima la kunde. Tulipokwenda kwa bibi na malalamiko, alitukumbusha mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwamba Muislamu akipanda mche au mbegu, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Tukanyamaza. Kisha akaongeza, "Lakini ua nao muuzibe, maana sadaka ya tuta moja yatosha." Tumeuziba kwa miti na makuti.

Wasomaji wengine huuliza habari ya zaka. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu hapa Pwani, zaka ya mazao hulazimu katika vyakula vikuu vinavyowekwa ghalani, kama mahindi, mpunga na mtama, vikifikia kiwango kilichowekwa: sehemu moja katika 10 ikiwa shamba limenyweshwa na mvua, na moja katika 20 ikiwa limenyweshwa kwa gharama. Mboga za majani hazimo, ingawa madhehebu ya Hanafi yana kauli nyingine. Mwenye shaka na amuulize shekhe wake. Sisi tumejiwekea ada moja tu. Fungu la kwanza la kila tuta haliuzwi. Huenda kwa bibi, na la pili huenda katika nyumba ya jirani yenye mayatima.

Siku ya kupanda

Mvua ya Jumatatu ile tuliipima: shubiri haikufika hata nusu, chini mchanga ulikuwa mkavu. Tukafukia kishimo. Ikarudi Alhamisi, ikarudi tena usiku wa kuamkia Jumamosi, na safari hii haikuwa na kishindo. Ilikuwa ya kutulia, ya kunyesha mpaka mtu akausahau mlio wake. Asubuhi kaskazi ilikuwa imetulia. Tulichimba, na udongo ukatoka umeshikana mkononi.

Mdogo wetu alifika kabla ya saa tatu. Yeye ndiye aliyebeba mzigo wa vipande vya matembele, na yeye ndiye aliyechomeka cha kwanza. Tumepanda matuta manne tu kati ya 16. Manne mengine ni wiki ijayo, Mungu akipenda, na mnunuzi tumemwambia kwamba jibu letu atalipata Agosti. Tunachokiomba kwa msimu huu si kikubwa: karo ya muhula wa pili ya watoto wa mkubwa wetu, na mboga ya nyumba tatu isiyonunuliwa. Tusipokipata, tutasema ukweli katika kurasa hizi hizi.

Kwa dada anayeanza leo, neno letu ni moja. Anza na matuta machache kuliko unayoyatamani, na uyatayarishe kabla ya mvua. Kisha mvua ikija, ipe muda wa kufika chini kwenye udongo. Mwenyezi Mungu atie baraka katika mikono yenu na yetu.